Karatasi ya alumini haiongezi nguvu ya redio ya gari

Ujumbe huu haufi kwenye magrupu: redio ya gari ikianza kukwaruza, viringisha karatasi ya alumini kwenye antena na stesheni zitaingia safi. Sivyo. Antena isiyovunjika tayari inapokea mawimbi. Kuivika alumini hakuongezi mawimbi yanayoifikia. FM husafiri karibu katika mstari ulionyooka, hivyo kilima kikikaa kati yako na mnara, alumini haitakiondoa.

Mbona wengine huapa kwamba imewasaidia? Mawimbi ya FM yana urefu wa takriban mita 3, na yale yanayogonga majengo au miamba hukutana na yaliyokuja moja kwa moja, yakapunguzana. Ukisogeza gari hata mita moja, sauti inaweza kutulia. Tena anayeviringisha huikaza antena iliyolegea shinani bila kujua, sifa zikaenda kwa alumini. (Antena iliyovunjika ni suala jingine: hapo kipande cha waya kinaweza kusaidia kweli.)

Jipimie. Egesha penye mikwaruzo, usilisogeze gari, mwenzako akae ndani asikilize bila kutazama huku ukivika na kuvua karatasi mara kadhaa. Aseme lini sauti imebadilika.

Kabla ya alumini, kaza antena, safisha kutu shinani, kagua waya nyuma ya redio, na uchomoe chaja ya simu. Chaja nyingine huvuruga redio kabisa. Ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze.