Kolajeni ya kunywa haiendi moja kwa moja usoni

Swali ni lile lile kila mara: "Nikinywa unga wa kolajeni, utafika usoni baada ya siku ngapi?" Haufiki. Kolajeni ni protini inayoipa ngozi uimara, na protini ikishamezwa hupita njia ile ile, iwe imetoka kwenye yai, maharage au kopo la bei kubwa.

Tumboni asidi ya pH 1.5 hadi 3.5 huikunjua, kimeng'enya kiitwacho pepsini kikaanza kuikata. Kwenye utumbo mwembamba, vimeng'enya vya tripsini na kimotripsini kutoka kongosho huendelea, hata kinachoingia kwenye damu ni asidi amino (matofali yanayojenga protini) moja moja na vipande vifupi vya mbili au tatu. Protini ni kama uzi wa ushanga, na uzi huo umeshakatwa. Kila seli inaokota shanga inazozitaka, na ziada inachomwa kuwa nishati. Kweli, vipande vyenye haidroksiprolini, asidi amino ya kolajeni, huonekana kwenye damu, lakini kuonekana kwenye damu si kwenda shavuni kujishona. Kwa sababu hiyo hiyo insulini hudungwa: nayo ni protini, ukiimeza inameng'enywa tu.

Kolajeni ya ngozi hutengenezwa papo hapo ngozini na seli za fibroblasti. Zinataka asidi amino za glisini na prolini, pamoja na vitamini C. Vitamini C ikikosekana, nyuzi hutoka dhaifu, na ndivyo fizi za mgonjwa wa kiseyeye zinavyovuja damu. Tena kolajeni haina triptofani, mojawapo ya asidi amino 9 ambazo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza. Anayekihesabu kijiko cha unga huo kuwa protini yake ya siku anajipunja. Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 48 kwa mwenye kilo 60. Timiza hizo kwanza, ujikinge na jua linaloivunja kolajeni uliyo nayo, ndipo tuzungumze kuhusu makopo.

Wengine hula protini maradufu wakingoja misuli. Mwili hauna ghala la asidi amino: ini huitoa naitrojeni ya ziada kama urea, figo zikaipitisha kwenye mkojo, na kaboni inayobaki hugeuzwa glukosi au mafuta. Misuli inataka mazoezi.

Jambo jingine linaloeleweka vibaya: kolesteroli, mafuta ya kwenye damu, si sumu. Bila hiyo hakuna utando imara wa seli, asidi za nyongo, kortisoli wala testosteroni. Kinachoziba mishipa ni LDL (kolesteroli iitwayo "mbaya") kukaa juu miaka mingi, kwa hiyo dawa uliyoandikiwa usiiache.

Na waliofurahia kupungua kilo 2 wiki ya kwanza ya kuacha wanga: nyingi ni maji. Kila gramu ya glikojeni, akiba ya wanga mwilini, hushikilia takriban gramu 3 za maji, na vyote hurudi pamoja siku mtakaporudia wanga.