Uzembe wa kuchangia: gari dogo linapogonga trela usiku

Ukisafiri usiku kwenye barabara ya Nairobi–Mombasa, kipande cha Mtito Andei hadi Voi, hukosi kukuta matawi mabichi yametupwa juu ya lami. Mzoefu wa njia hiyo hupunguza mwendo papo hapo, maana anajua mbele kuna lori limekwama. Asiyejua hulivaa. Na mazishi yakiisha, familia huambiwa kwamba aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye makosa, kwa hiyo hawana kesi. Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno. Si kweli, na limewanyima wajane na mayatima haki yao.

Mahakama ya Kenya haitafuti mkosaji mmoja wa kubeba kila kitu. Inauliza kila upande ulichangia kiasi gani. Hapo ndipo inapoingia dhana ya uzembe wa kuchangia: ikiwa aliyeumia naye alikuwa na sehemu yake ya kosa, fidia yake hupunguzwa kwa kadiri ya sehemu hiyo. Hupunguzwa, haifutwi.

Zamani ilikuwa ikifutwa. Mwaka 1809 mahakama ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mtu aliyetoka kilabuni mjini Derby jioni, watu wakianza kuwasha mishumaa, akaenda kwa farasi mbio sana. Mwenye nyumba mmoja aliyekuwa akifanya ukarabati alikuwa ameweka mti ukaziba sehemu ya barabara. Farasi akajikwaa, mpandaji akaumia vibaya. Hakupata hata senti, kwa sababu angekwenda kwa uangalifu angeuona. Aliyeziba njia akaenda zake bila kulipa chochote! Uingereza iliiacha kanuni hiyo mwaka 1945, na kwetu Kenya mgao wa lawama umo katika kifungu cha 4 cha Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26.

Sasa badala ya mti weka trela. Limeharibikiwa, limeachwa nusu ndani ya barabara, taa za nyuma hazifanyi kazi, hakuna pembetatu za onyo, ni matawi tu ambayo tanboi, msaidizi wa dereva, aliyakata kichakani. Gari dogo linakuja kwa kilomita 100 kwa saa, yaani karibu mita 28 kila sekunde. Hakimu atamlaumu dereva wa trela kwa kuacha mtego gizani. Atauliza pia kama dereva wa gari dogo alikuwa na mwendo wa kumwezesha kusimama ndani ya umbali ambao taa zake zinamulika. Tuseme amempa wa trela asilimia 70 na wa gari dogo 30. Fidia ya wa gari dogo ikikadiriwa kuwa shilingi 2,000,000, atakazolipwa ni 1,400,000. Dereva wa gari dogo akifariki, madai ya wategemezi wake nayo hukatwa hiyo 30. Hakuna jedwali la asilimia hizi popote. Kila kesi na ushahidi wake. Ushahidi ukionyesha kuwa pande zote zilikosa lakini usiweze kupambanua nani zaidi, lawama hugawanywa nusu kwa nusu.

Ukubwa wa lori peke yake hauamui lolote. Abstrakti ya polisi, yaani hati fupi ya polisi kuhusu ajali, nayo huthibitisha kwamba ajali ilitokea na ilihusisha magari gani, lakini hata ikiandikwa nani wa kulaumiwa, hakimu hafungwi nayo. Hata dereva akipatikana na hatia katika kesi ya trafiki, bado anaweza kudai kwenye kesi ya fidia kwamba mwenzake alichangia.

Abiria ni habari nyingine. Yeye hakushika usukani, kwa hiyo uzembe wa dereva wake haukatwi kwenye fidia yake. Anaweza kuwashtaki wenye magari yote mawili. Kinachoweza kumpunguzia ni kosa lake mwenyewe, mathalani kutofunga mkanda. Na mwenye lori hawezi kujificha nyuma ya dereva wake: dereva akiwa kazini kwake, mwajiri anawajibika pamoja naye, na yule ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka athibitishe vinginevyo.

Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu. Ushahidi haungoji hata siku tatu. Kufikia asubuhi trela limevutwa, matawi yamesukumwa kando, na dereva anaapa kwamba taa zilikuwa zinawaka. Ndiyo maana nawasihi ndugu wanaofika mapema, machozi yakiwa bado machoni: pigeni picha za taa za nyuma, za lori lilivyokaa barabarani, na za alama za breki. Andikeni namba ya kichwa, yaani sehemu ya mbele inayovuta, na ya trela, kwani huwa tofauti, na huenda wamiliki wakawa tofauti pia.