Chokaa ya Lavoisier

Soma lebo ya chupa ya maji ya dukani: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, kila moja na miligramu zake kwa lita. Mnywaji anayaita maji safi, na hakosei. Mkemia anayaita mchanganyiko.

Nafundisha kemia, na wanafunzi wengi hunijia wameshakariri ule mchoro wa maada wenye matawi, unaogawa vitu kuwa mchanganyiko, kampaundi na elementi. Wape kitu mkononi wakiainishe, wanakwama. Kuainisha ni kazi ya kutenda. Kwanza jaribu kukitenga bila kuzaa dutu mpya: chuja, kausha, pitisha sumaku. Kikitengana, ni mchanganyiko. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na jua la mashamba ya chumvi huitoa tu. Ilikuwamo tangu mwanzo. Macho peke yake yasikudanganye. Maziwa yanaonekana sawa kila mahali, ila hadubini inaonyesha matone ya mafuta yakielea.

Kisichotengana kwa njia hizo, jaribu kukivunja kikemia. Maji halisi yakipitishiwa umeme hutoa haidrojeni ujazo mara mbili ya oksijeni, yawe yametoka mawinguni au Ziwa Tanganyika. Sukari ya chai unaongeza upendavyo. Uwiano huu wa maji haukusikilizi. Hiyo ndiyo kampaundi: elementi zilizoungana kwa uwiano usiobadilika. Kisichovunjika ni elementi.

Lakini je, hakivunjiki kweli, au sisi ndio tumeshindwa?

Mwaka 1789 mkemia Mfaransa Antoine Lavoisier alichapisha orodha ya dutu 33 alizoziona kuwa sahili, yaani elementi. Zimo oksijeni, salfa, dhahabu. Umo hata mwanga, ambao si maada kabisa. Na imo chokaa, hii inayopatikana Pwani kwa kuchoma mawe ya matumbawe! Hakuwa mzembe. Alikwisha kusema kwamba elementi ni kile ambacho uchambuzi bado haujaweza kukigawa, na tanuri za wakati wake hazikuweza kuing'oa oksijeni ndani ya chokaa. Tena yeye mwenyewe alishuku kuwa ni oksidi ya metali, yaani metali iliyoungana na oksijeni. Ilipofika 1808, mkemia Mwingereza Humphry Davy akiwa London alitumia umeme wa betri na zebaki akaipata metali hiyo: kalsiamu. Chokaa ikahamishiwa kwenye kampaundi. Yenyewe haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni vifaa vyetu. Napenda kisa hiki kuliko mchoro wowote wa kitabuni, na nashangaa mitaala inavyokiruka.

Kwa hiyo mwanafunzi makini huuliza: tunajuaje dhahabu nayo haitakuja kuvunjwa? Hapo tunamshukuru mwanafizikia Mwingereza Henry Moseley, ambaye mwaka 1913 na 1914 alipima eksirei zinazotolewa na elementi moja baada ya nyingine, akaona zinapanda ngazi kwa ngazi kufuata idadi ya chaji chanya katika kiini cha atomu. Kalsiamu ni 20. Dhahabu ni 79, na atomu zake zote zina namba hiyohiyo, kwa hiyo hamna elementi nyingine ndani yake ya kutengwa.