Dozi ya homoni ya tezi: yanayosemwa na yalivyo

"TSH imepanda, kumbe dawa imezidi." Hapo ndipo wengi wanaotumia levothairoksini, dawa ya homoni kwa watu ambao tezi ya shingo haitoi ya kutosha, wanapojikwaa, kwa sababu mambo ni kinyume chake. TSH, kinachopimwa kwenye damu kujua kama dozi inatosha, haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo itoe homoni. Homoni ikipungua, pituitari huhimiza zaidi na TSH hupanda. Homoni ikizidi, TSH hushuka. Kwa kawaida, basi, TSH ya juu ni dalili kwamba dawa inayoingia mwilini haitoshi.

Haitoshi kwa nini? Hilo ndilo swali linalorukwa, maana watu huamini kidonge ni kidonge, ukimeze saa yoyote na chochote. Chukua mtu anayemeza mikrogramu 100 kila asubuhi pamoja na kidonge cha madini ya chuma. Chuma hunasa sehemu ya dawa tumboni, TSH inapanda, dozi inaongezwa hadi 125. Miezi michache baadaye anamaliza vidonge vya chuma na dawa sasa inaingia vizuri. Moyo unamwenda mbio, usingizi hauji, na hakuna anayekumbuka kile kidonge cha pili. Levothairoksini humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Kahawa nayo isubiri. Chuma na kalisi zikae mbali nayo kwa saa 4.

"Nimeongezewa wiki iliyopita na bado nimechoka, haifanyi kazi." Mapema mno. Dawa hii huchukua takriban siku 7 kupungua nusu kwenye damu, kwa hiyo dozi mpya huhitaji wiki kadhaa kutulia, na kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Anayejiongezea kidonge katikati anaharibu kipimo kabla hakijafanyika.

Wapo pia wanaodhani kuzidisha kidogo kunaleta nguvu. Madaktari hurekebisha kwa mikrogramu 12.5 au 25 tu, na wana sababu: dozi ikizidi kwa muda mrefu, mapigo ya moyo yanaweza kupoteza mpangilio na mifupa kudhoofika, hasa kwa wazee na kwa wanawake waliokoma hedhi.

Vidonge vya biotini vya nywele na kucha vinaweza kupotosha majibu ya maabara, TSH ikaonekana ya chini kuliko ilivyo. Mtajie daktari kabla ya kutolewa damu.

La hatari kuliko yote ni ushauri kwamba mjamzito aache dawa. Mahitaji yake hupanda tangu wiki za mwanzo, mara nyingi kwa robo au zaidi, na mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama kabla tezi yake haijaanza kazi. Akigundua tu ana mimba, aendelee kumeza na awasiliane na daktari siku hiyohiyo.