Maana ya Utayari wa Hospitali Dhidi ya Ugaidi wa Kibiolojia

Ugaidi wa kibiolojia ni kueneza kwa makusudi bakteria, virusi au sumu itokanayo na viumbe hai ili kuua watu, kuwaambukiza maradhi au kuwatia hofu. Bomu hulipuka na mahali pake hujulikana papo hapo, lakini vimelea huachiliwa kimyakimya, na kwa kuwa dalili huweza kuchukua siku kadhaa kujitokeza, waathirika huwa wamekwisha kutawanyika, kila mmoja akienda hospitali iliyo karibu naye kulalamikia homa. Anayekutana na shambulio kwanza, basi, ni daktari wa zamu.

Kwa sababu hiyo utayari huanza na jicho la mtabibu, kabla ya mavazi ya kujikinga ambayo wengi huyafikiria. Mwaka 1984, katika mji wa The Dalles, jimbo la Oregon, Marekani, wafuasi wa kundi moja la kidini walitia salmonela, bakteria waletao kuhara, katika vyakula vya mikahawa, wakaugua watu 751, na ulipita takriban mwaka mzima kabla ya kubainika kwamba ilikuwa hujuma. Mwaka 2001 mambo yalikwenda vingine: daktari mmoja wa Florida alitilia shaka bakteria walioonekana katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa wake, akataka vipimo zaidi, na kimeta (anthrax), ugonjwa hatari wa bakteria, kilichosambazwa kwa barua kikagunduliwa. Waliougua walikuwa 22, na 5 kati yao walifariki.

Shaka ikishaingia, maabara huarifiwa kabla ya kupokea sampuli, maana mpimaji asiyejua anachokishika huweza kuambukizwa, na mamlaka ya afya hupewa taarifa bila kusubiri uthibitisho. Kutenga wagonjwa hutegemea ugonjwa wenyewe. Kimeta cha mapafu hakiambukizwi kati ya mtu na mtu. Tauni ya mapafu huenea kwa matone ya kikohozi. Ndui, iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, ingehitaji chumba ambacho hewa yake haivuji kwenda wodi nyingine.

Waliovuta vijidudu vya kimeta hupewa viuavijasumu kwa siku 60, hata kama hawajaugua, hivyo akiba ya dawa na njia ya kuigawa hupangwa mapema. Jambo linalosahaulika mara nyingi ni umati wa wazima wenye hofu, ambao huweza kuwazidi wagonjwa kwa idadi. Hao hutengewa mahali pao pa kusikilizwa, mbali na lango la dharura.