"Hata mimi nilikuwa hivyo": mzazi anapojiona ndani ya maswali ya mtoto

Katika tathmini ya usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia), muda mwingi hauendi kwa mtoto anayecheza mkekani. Unaenda kwa mzazi. Alianza lini kuongea? Alikuwa akikuonyesha vitu kwa kidole? Ukimwita jina anageuka? Ratiba ikivurugika anafanyaje? Nguo gani hataki imguse? Maswali yanaendelea hivyo kwa saa nzima na zaidi, na mara nyingi mzazi hunyamaza katikati, kisha anasema: "Dokta, mbona hata mimi nilikuwa hivyo?"

Mimi ni mtaalamu wa saikolojia tiba, nafanya kazi na watoto hapa Dar es Salaam. Naichukulia kauli hiyo kwa uzito mkubwa, kwa sababu inaweza kumsaidia mtoto na inaweza kumchelewesha.

Jinsi inavyomchelewesha tunaijua. Mtoto ana miaka mitatu, hasemi, anazungusha tairi la gari lake la kuchezea tangu asubuhi, na bibi anasema, "Mwacheni, baba yake alikuwa vilevile na leo ni mhasibu." Bibi hadanganyi, anakumbuka vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba kumbukumbu yake inafunga mjadala ambao ilipaswa kuufungua. Baba na mtoto kufanana hakuthibitishi kwamba mtoto hana kitu. Huenda wote wawili wana usonji.

Usonji hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto, alipoandika kuhusu watoto 11 huko Baltimore mwaka 1943, aligusia pia tabia za wazazi wao: wachache tu walikuwa wachangamfu kwa watu, na wengi walizama kwenye mambo yao. Miaka iliyofuata, wataalamu wengi waliligeuza hilo kuwa shutuma, wakidai ubaridi wa mama ndio unaomfanya mtoto awe hivyo. Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Lawama kwa malezi ya mama haikuwa na pa kusimama tena, na inaniuma kwamba bado naisikia mitaani, safari hii ikichanganywa na maneno ya kurogwa.

Nikieleza hivi, mama huuliza: "Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa?" Hapana, si kwa namna hiyo. Vinasaba vinavyohusika ni vingi, vinatoka pande zote mbili, na vingine hujitokeza kwa mtoto kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyechagua.

Baba mmoja, ambaye nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha, alikuwa akinieleza kwamba mwanawe hali ugali ukiguswa na mchuzi. Akasita. Akasema yeye mwenyewe hupakuliwa kwenye sahani mbili. Yakafuata mengine: hupanda daladala kituo cha mwanzo ili apate kiti kilekile cha dirishani, na kesho yake baada ya harusi hushinda chumbani amefunga mapazia, hata mkewe akadhani hawapendi ndugu zake. Nikamuuliza kuhusu salamu. Akasema salamu hazimpi shida, za nyumbani, za watoto, za kazi, zote anazo kichwani kwa mpangilio. Kinachomtisha ni pale zinapokwisha.

Jibu hilo linaeleza kwa nini watu wazima wengi kwetu hawakugunduliwa. Salamu zetu ni ndefu na zina utaratibu, kwa hiyo mtu anaweza kuzikariri akapita. Mtoto asiyemtazama mkubwa machoni anasifiwa kwa heshima. Binti asiyeongea anaitwa mtulivu, na juhudi anayoitumia kuwaiga wenzake haionekani mpaka achoke kabisa.

Ndiyo maana nawasihi msijipime kwa madodoso ya mtandaoni pekee. Dodoso la AQ, la kupima dalili za usonji kwa watu wazima, lililotoka Cambridge mwaka 2001 lina maswali 50, na mojawapo linauliza kama ungependelea kwenda thieta kuliko makumbusho. Kwa mtu wa Mbagala, jibu la swali hilo halinielezi chochote. Dodoso linaweza kukufungua macho, lakini uamuzi unahitaji historia. Mwongozo wa DSM-5 wa mwaka 2013, ambao madaktari wa akili wa Marekani waliuandika kwa ajili ya utambuzi, unataka dalili ziwe zilianza utotoni, huku ukikubali kwamba zinaweza kufunikwa na mbinu ambazo mtu amejifunza ukubwani. Kwa hiyo nitamtafuta shangazi au dada mkubwa aliyekuona ukiwa mdogo, na nitaomba ripoti za shule kama zipo. Nitaangalia pia wasiwasi uliopitiliza, ADHD (shida ya umakini na kutotulia), na majeraha ya maisha, kwa kuwa vinaweza kufanana na usonji au kuandamana nao. Wapo wazazi wenye dalili mbili tatu tu, nao hawana usonji.

Kujua kuna manufaa ya kila siku. Mama ambaye blenda inamuumiza masikio sawasawa na inavyomuumiza mwanawe hataendelea kujiita mvivu au mkali. Atapanga jikoni upya kwa ajili ya wote wawili. Na mara nyingi yeye ndiye anayeniambia mtoto analilia nini kabla sijakisia.

Lakini tafadhali, usisimamishe safari ya mtoto ukisubiri majibu yako. Tiba ya usemi na tiba kwa vitendo (ya kumsaidia kumudu shughuli za kila siku) zianze sasa. Ukija kliniki, lete kadi yake na video fupi za nyumbani, akiwa anacheza, anakula, na amekasirika. Lile la kwako liseme mapema, nami nitaliandika kwenye faili la mtoto kama sehemu ya historia ya familia. Ukitaka tathmini yako mwenyewe, tutaipangia siku nyingine, bila mtoto, ili upate nafasi ya kuongea.