Eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kwa mtoto: dhana potofu na ukweli

Dhana: Daktari hakusikia mlio wowote kifuani, basi mtoto hana tundu kwenye moyo.

Hii ndiyo inayochelewesha watoto wengi. Tundu dogo kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo ndilo lenye kelele, kwa kuwa damu hupenya kwa kasi. Tundu kubwa linaweza kuwa kimya kabisa wiki za mwanzo, mishipa ya mapafu ya kichanga ikiwa bado imebana na shinikizo la pande zote mbili likikaribiana. Mishipa hiyo ikilegea, mara nyingi kati ya wiki ya 4 na ya 8, damu hufurika mapafuni: mtoto anahema mbiombio, anatokwa jasho akinyonya, uzito hauongezeki. Takribani nusu ya watoto wenye hali ya Down (kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada) wana kasoro ya moyo, kwa hiyo kila mmoja wao apimwe eko, hata kifua kikisikika kizuri.

Dhana: Ameshapimwa ECG, eko ya nini tena?

ECG husoma umeme wa moyo. Tundu wala valvu (milango ya moyo inayopitisha damu) haivioni.

Dhana: Akilia si neno, mashine itaona tu. Na asinyonye kabla ya kipimo.

Mtoto anayelia hujaza mapafu hewa, na mawimbi ya sauti hayapenyi hewa. Mapigo nayo hupanda, na vipimo vya mtiririko wa damu huyumba. Mama aliyepanda basi alfajiri huku akimnyima mtoto ziwa anamleta akiwa na njaa, na hapo picha zinaharibika. Mnyonyesheni. Chumba kiwe na joto, jeli ipashwe kidogo, na picha muhimu zaidi zichukuliwe kwanza. Kufunga kunahitajika pale tu atakapopewa dawa ya usingizi: kwa kawaida saa 6 tangu chakula au maziwa ya kopo, 4 tangu maziwa ya mama, 2 tangu maji.

Dhana: Namba ikishatoka kwenye mashine haina ubishi.

Mashine hupima kasi ya damu, kisha hukadiria tofauti ya shinikizo: kasi mara kasi, mara 4. Mita 4 kwa sekunde ni 64 mmHg (kizio cha shinikizo). Mstari wa Doppler (wimbi la sauti linalopima kasi hiyo) ukikatiza mkondo wa damu kwa nyuzi 60, kasi husomeka nusu, yaani mita 2, na 64 inakuwa 16. Valvu iliyobana vibaya imeonekana nzima! Ndiyo maana mpimaji mzuri huutafuta mkondo uleule kutoka pande kadhaa: kwenye chembe cha moyo, pembeni mwa mfupa wa kifua, chini ya chuchu ya kushoto, na juu ya mfupa wa kifua penye shingo.

Mzani nao una lake. Upana wa valvu hulinganishwa na ukubwa wa mwili, kwa hiyo mtoto wa kilo 9 akiandikwa 6, valvu iliyo ndogo itahesabiwa kuwa inatosha. Apimwe uzito na urefu siku hiyohiyo.

Dhana: Eko ya siku ya kwanza ikiwa safi, yamekwisha.

Mrija unaounganisha aota (mshipa mkuu utokao moyoni) na ateri ya mapafu (mshipa upelekao damu mapafuni) kwa kawaida hufunga ndani ya siku 2 au 3. Ungali wazi, aota iliyobana hujificha. Mapigo ya kinena yakiwa dhaifu kuliko ya mkono wa kulia, eko irudiwe siku hiyohiyo, isingoje tarehe ya kliniki.